Bibi wa Kwenye Kompyuta

Bibi wa kwanza aliyetungwa na Hilaria alikuwa balaa tupu. Alifoka, alipiga fimbo chini, alitishia laana, lakini msichana akiandika "sitaki" mara mbili, bibi alinywea na mlango wa kutokea ukafunguka. Hilaria, mwalimu wa kompyuta katika sekondari moja ya Machochwe, akaona kazi imekwisha.

Mchezo wenyewe haukuwa na picha. Unasoma maandishi, unaandika unachotaka kusema au kufanya, na bibi anakujibu. Aliutengeneza kwenye kompyuta kuukuu ya shule ili wasichana wake wazoee kukataa kabla ya likizo ya Desemba kuwarudisha nyumbani. Mwaka wa tohara ukifika, Desemba ndiyo mwezi wa kukeketwa. Sheria inakataza, lakini sheria haikai jikoni na bibi. Walimu wenzake walimcheka kwamba anapambana na mila kwa gemu. Aliwapuuza, maana alikuwa na kiburi kidogo, na kwa kweli kilimpendeza.

Winfrida wa kidato cha pili ndiye aliyekuwa bingwa wa kumshinda yule bibi. Alimkatalia huku anacheka. Shule ilipofungwa aliaga bila wasiwasi, akapanda bodaboda kwenda kwao. Januari alirudi akitembea taratibu, hamtazami mtu usoni, na Hilaria hakuwa na haja ya kuuliza. Alimwita ofisini, akafunga mlango, na aliyelia ni mwalimu. Winfrida hakumlaumu. Alisema neno moja tu.

"Bibi yako anafoka, mwalimu. Wangu alinichinjia kuku."

Maneno hayo yalimkwama Hilaria rohoni. Akambomoa bibi yule na kumsuka upya. Alimpa mguu unaouma na shamba la mihogo linaloliwa na tembo, kwa sababu mtu asiye na shida zake si mtu. Alimpa kumbukumbu, ili ukimdanganya asubuhi akuulize jioni. Akamfundisha kutoitaja tohara kabisa mpaka uwe umeshiba. Alipokosa sauti ya kumpa, akaazima ya mama yake mzazi, ambaye zamani, kwao Matongo, alimfunga Hilaria khanga mpya na kumpeleka kukatwa, huku akimwita kipenzi chake njia nzima. Hilaria hakuwahi kumchukia mama yake, na hilo ndilo lililomuuma alipokuwa akiandika.

Kabla ya kuwapa wasichana wengine mchezo huo alitaka Winfrida aujaribu, kama hataona vibaya. Winfrida akakubali.

Bibi alimuuliza kama amekula. Akamwambia asogee karibu, akalalamikia mguu, akalaani tembo. Winfrida alitabasamu, kisha tabasamu likamtoka. Hatimaye bibi akafika penyewe: wenzako wote wanakwenda kesho, mjukuu wangu, usiniache nikaone aibu uzeeni. Hilaria alikaa nyuma ya Winfrida. Alikuwa amemwandalia bibi majibu ya "sitaki", ya "naogopa", ya kukimbilia polisi.

Winfrida akaandika: Bibi, nakupenda sana, lakini siendi.

Kioo kikajibu: Sikuelewi, mjukuu wangu.

Hilaria aliona aibu. Hilo lilikuwa jibu ambalo programu hulitoa ikikutana na maneno ambayo haikufundishwa, na katika kazi yote ile hakuwahi kuwaza kwamba msichana anaweza kuyasema yote mawili kwa pamoja. Akavuta kibodi, akaomba radhi kwamba kosa ni lake, kwamba atalirekebisha leo hii hii.

Winfrida akamshika mkono.

"Liache, mwalimu. Ndivyo wangu alivyonijibu."