Plakete za Baba wa Ubatizo

Cirhuza alikuwa fundi wa mashine ya kusawazisha chuma katika karakana yetu, kwenye barabara inayoshuka ziwani, hapa Bukavu. Mimi nilisimama hatua nne nyuma yake, kwenye mashine ya kukereza. Nilimtazama mgongo miaka kumi na mmoja, na nasema hivi: hakuna mtu mjini aliyezijua plakete kama yeye.

Plakete ni vipande vya mraba, vidogo kama ukucha wa kidole gumba, vigumu kuliko chuma chochote. Sita hufungwa kwa skrubu kuzunguka kichwa cha mashine, ndiyo meno yake. Kona moja ikichoka unaigeuza ya pili, mpaka zote nne ziishe. Cirhuza alitia nukta ya vernis, rangi ya kucha ya mkewe Monique, kwenye kila kona iliyokufa. Tulimcheka sana. Nukta zikitimia nne, plakete iliingia kwenye kopo la maziwa, na kopo lilirudi magasini, kwenye ghala la vifaa: toa za zamani, upewe mpya. Na mpya hakuifunga kabla ya kuikwaruza kwenye ukucha wake. Ikishika, inafaa. Ikiteleza, alirudisha. Leo nani anafanya hivyo? Leo wanafunga chochote na kumwomba Mungu.

Mwaka 1974 mzungu mwenye karakana aliondoka, na serikali ikampa karakana citoyen mmoja, mwananchi aliyekuwa anauza bia. Hakuna aliyeuliza tena habari za kopo. Ufunguo wa magasini ulibaki kwa Isidore, na Cirhuza alifurahi, kwa sababu Isidore alikuwa baba wa ubatizo wa Colombe, binti yake. Jumapili walikunywa kasiksi, pombe ya ndizi, pamoja mtaani Cimpunda, kibuyu kimoja, mrija mmoja.

Ndipo ikaletwa kulasi, kile kifuniko kizito cha injini, ya mashua inayopeleka watu kisiwani Idjwi. Ilikuwa imepinda kwa moto. Patron, yule citoyen wa bia, alikuja mwenyewe.

“Citoyen Cirhuza, hakuna kulasi ingine mu Zaïre muzima. Ukiiharibu, unatoka hapa.”

“Patron, nipe tu plakete za muzuri.”

Kulasi ile ilikuwa ya fonti, chuma cha kumimina, na fonti hutaka plakete za mstari mwekundu. Za bluu ni za chuma cha kawaida. Cirhuza alichagua nyekundu. Isidore akamletea sanduku mpaka kwenye mashine.

“Kamata, Papa Colombe. Hii ya rouge njo ya mwisho. Nilikuchungia.”

Kwetu siku zile, kitu ulichopewa na mtu aliyemshika mtoto wako kwenye maji ya ubatizo ulikipokea kwa mikono miwili, na hukukipindua mbele yake. Kukipindua ni kumwita mwizi. Isidore hakuondoka. Alisimama pale na mikono mfukoni, anapiga hadithi. Niliona Cirhuza anainua plakete ya kwanza kuelekea ukucha. Kisha akaishusha. Akazifunga zote sita hivyo hivyo.

Mashine ilikata vizuri urefu wa kiganja. Halafu ikalia kama mbuzi. Alipoizima, kulasi ilikuwa na mfereji unaoingia ncha ya kidole. Kuusawazisha ule kungefanya kulasi iwe nyembamba mno. Ilikuwa imekufa.

Cirhuza alizifungua plakete moja moja. Ndani ya tundu la skrubu la mojawapo, mahali ambapo petroli ya kuoshea haikufika, palikuwa na tone la vernis ya Monique lililochuruzika kutoka konani. Ilikuwa plakete yake mwenyewe, aliyoirudisha magasini zamani, ikanolewa na kuoshwa. Mpya zilikuwa zimeuzwa nje.

Patron alifika. “Nani alichagua hizi plakete?”

“Ni yeye,” Isidore akasema. “Mimi niko mutu wa magasini, patron. Mambo ya mashine siyajue.”

Cirhuza alimwonyesha baba wa ubatizo lile tone. “Parrain, angalia. Hii vernis ni ya nani?”

Isidore akacheka. “Ah, Papa Colombe! Wanamuke wote wa Bukavu banapaka vernis. Utabaita bote?”

Cirhuza akanigeukia. “Papa Léopold, weye unakuwaka hapa kila siku. Sema.”

Wiki mbili kabla, wakati wa chakula, nilikuwa nimemwona Isidore kwenye jiwe la kijani la kunolea. Alisema ananoa kisu cha nyumbani. Jiwe la kijani halinoi kisu, linanoa plakete tu, na mimi nililijua hilo. Lakini siku zile mwenye ufunguo wa magasini aliogopwa kuliko patron.

“Mimi sikuona kitu,” nikasema.

Cirhuza alitoka kazini jioni ile. Akaishi kwa kutengeneza mbabula, majiko ya makaa, kutoka mapipa, kwa nyundo na patasi, yeye aliyekuwa anapima unene wa unywele.

Miaka sita baadaye Colombe aliolewa. Baba wa ubatizo hakosi kwenye ndoa, kwa hiyo Isidore alikuja, shingo wazi ndani ya abacost mpya, ile suti isiyovaliwa tai, na sanduku lililofungwa utepe. Cirhuza alilipokea kwa mkono mmoja. Akakata utepe, akatoa bilauri ya kwanza, akaiinua kwenye mwanga, akapitisha ukucha kwenye ukingo wake, akaiweka mezani. Akatoa ya pili. Zilikuwa sita. Monique alimvuta shati, akinong’ona, “Papa Colombe, ni haya, ni haya,” naye hakusikia. Isidore alisimama wima muda wote ule, jasho linamtoka, na hakuna aliyempa kiti.

Zilikuwa nzima zote, mpya kabisa.

Kisha Cirhuza akaniangalia mimi. Nilikuwa nyuma ya Isidore kwenye mstari wa zawadi, na kitenge changu kimefungwa ndani ya gazeti. Akanyoosha mkono mmoja.