Kitufe cha Kurudisha Hatua

Programu ya sataranji kwenye kompyuta yangu ina kitufe cha kurudisha hatua. Sijawahi kukibonyeza.

Utotoni, huko Kulamawe, mimi na dada yangu mdogo tulicheza kwa vipande tulivyochonga kutokana na sabuni ya kufulia. Siku aliposhikwa na homa, alimsogeza malkia wake pabaya.

"Kaka, nirudishie. Mara moja tu."

"Ukigusa, umecheza," nikamjibu.

"Sawa, mwalimu mkuu! Nikirudi kutoka hospitali, utalia wewe."

Baba akambeba hadi kwenye pikapu iliyokuwa ikielekea Isiolo. Dada hakurudi.

Sisimulii la kuambiwa. Malkia yule ninaye. Joto la vidole vyake liliilainisha sabuni, na alama zake bado zipo.