Kunde za Mama Ireri

Wewe, ukiamka upate shamba lako limeliwa na wadudu lakini la jirani ni kijani, utamwita nani kwanza, afisa wa kilimo ama mchawi? Nilipokuwa mtoto kule chini ya Ishiara tulitafuta mchawi, kwa sababu huyo afisa hatukuwahi kumwona hata kiatu.

Mvua ya kwanza ilinyesha, kunde zikachipua, na wadudu wakatoka: mbawakavu wadogo wanaong'aa, wekundu wa kutu. Walitoboa majani yakabaki kama chujio. Kila shamba liliisha. Isipokuwa la Mama Ireri, mjane tuliyepakana naye.

"Wadudu hawana macho," alisema shosho, nyanya yangu. "Kuna mtu amewaonyesha njia."

Mama Ireri alicheka. "Kwani mimi ndiye huwapikia?"

Hakuna aliyecheka naye.

Desturi ilikuwa kwamba wadudu wakizidi, wanafungwa kwenye jani la mgomba na kuvushwa mto Thuci, na anayewabeba hageuki wala harudi. Wazee waliamua awabebe Mama Ireri. Shosho wangu mwenyewe alifunga lile jani. Tulisimama ukingoni tukimtazama akiingia majini, mwanawe Ireri mgongoni, kile kifurushi kichwani. Watu waliimba. Hakurudi tena. Msimu uliofuata mzee wa kijiji alikuwa analima shamba la Mama Ireri.

Miaka ikapita, nikaenda campus kusomea kilimo. Huko ndiko nilijua wale wadudu hulala udongoni, huamshwa na mvua ya kwanza, na hula kinachochipua mapema. Anayepanda kwa kuchelewa mara nyingi huponea.

Na Mama Ireri alichelewa kwa nini? Hakuwa na ng'ombe wa kulima. Kila msimu aliomba, kila boma likamjibu, "Ngoja tumalize yetu, mama." Hata letu. Sisi ndio tulimchelewesha, kisha tukamfukuza kwa sababu kunde zake zilipona. That is the whole uchawi.

Nilimweleza shosho. Alisugua magoti.

"Kama unajua hivyo," akasema, "mbona hawajakuandika kazi?"

Nimetarmac nikitafuta kazi hadi viatu vimeisha, na huku chini bado wadudu wanatafutiwa mchawi.

Basi nyinyi wa ofisi ya kilimo, leteni mtu hapa, hata kama si mimi. Na wewe mzee wa kijiji: Mama Ireri yuko hai ng'ambo kule, anaishi kwa ndugu zake. Toka kwenye shamba lake. Toka msimu huu, kabla mvua haijanyesha.