Nilimng'oa Mama Mkwe Meno Yote Mbele ya Wageni

Sikutumia koleo. Sikutumia ganzi. Nilitumia rangi nyeupe tu, na meno thelathini na mawili ya mama mkwe wangu yakatoweka mbele ya wageni sitini waliovaa wakapendeza.

Ngojeni, msinitukane bado. Nisikilizeni kwanza, halafu mtanitukana vizuri.

Kazi yangu ni kutengeneza programu za kompyuta. Programu, jamani, siyo kompyuta. Nimechoka kuletewa printa mbovu kila nikienda kusalimia ndugu.

Wakati huo nilikuwa na mchumba. Mpole, mcheshi, na jikoni ananishinda mbali. Kasoro yake ilikuwa moja tu: mama yake.

Mama mtu ni daktari wa meno. Mjane, ana kliniki yake, na nje ya kliniki kulikuwa na bango kubwa lenye uso wake. Anacheka, meno yanang'aa mpaka madereva wanapunguza mwendo. Mtaa mzima ulimwita Mama Tabasamu.

Mimi hilo tabasamu nililiona kwenye bango tu.

"Unafanya kazi gani, binti?" aliniuliza siku ya kwanza.

"Natengeneza programu, Mama."

"Ahaa. Unacheza na kompyuta."

"Hapana Mama, mimi na..."

"Kunywa chai, inapoa."

Mchumba wangu akaangalia dari. Mbele ya mama yake, yule mwanaume alikuwa bingwa wa kuangalia dari.

Mwaka mzima ukaenda hivyo. Kila mchumba wangu akigusia habari ya kuja kwetu kuleta posa, mama anasema tusubiri kwanza. Tusubiri nini, hasemi.

Basi akajenga kliniki mpya, akataka programu ya kutunza mafaili ya wagonjwa. Mchumba wangu akanipigia debe wiki mbili. Mwisho mama akaniita.

"Tengeneza. Siku ya ufunguzi ikifanya kazi, nitakuja kwenu mimi mwenyewe kuleta posa. Ikinitia aibu, hili jambo lenu tulifunge, na msinisumbue tena."

Nikasema sawa. Si ujasiri. Nilikuwa nampenda mwanawe, na nilikuwa nimechoka kuitwa binti anayecheza.

Sharti lake lilikuwa programu moja ifanye kazi kwenye kompyuta zote tatu za kliniki. Ya mapokezi, kuukuu. Ya muuguzi, ya aina nyingine. Ya kwake, ya bei mbaya. Kila moja na mfumo wake, hazisalimiani.

Hesabu na mafaili havikunisumbua. Kilichonitoa jasho ni picha. Vile vipicha vidogo vya kwenye vitufe, ikoni, ndivyo vilivyonikondesha. Unachora jino zuri, kwenye kompyuta hii linapendeza, ukilipeleka kwenye ile limekuwa kiazi.

Halafu kuna hili. Picha kwenye kompyuta siku zote ni ya pembe nne, jino siyo. Zile kona zinazobaki lazima uiambie kompyuta zisionekane. Unachagua rangi moja, unaiambia: kila ukikutana na rangi hii, usichore kitu, acha tundu.

Kona zangu zilikuwa nyeupe. Nikachagua nyeupe.

Eti nyeupe! Kwenye programu ya meno!

Mwanafunzi wa mwezi wa kwanza asingefanya hivyo. Mimi, na miaka yangu sita kazini, nilifanya, kwa sababu kwangu kila kitu kilipendeza. Dirisha la programu kwenye laptopu yangu lilikuwa jeupe. Tundu juu ya weupe, nani analiona?

Ukurasa wa mbele nikaweka picha ya Daktari, ile ile ya bango. Fundi wa bango aliniambia alibembelezwa na kutishwa mpaka akayapaka yale meno nyeupe tupu, isiyo na chembe ya njano.

Ukurasa wa pili nikaweka mgonjwa wa mfano. Huko kila jino lina kipicha chake cheupe kilichozungushiwa mstari mweusi, na lililong'olewa linaachwa wazi, pengo. Mgonjwa wa mfano nikamweka Daktari mwenyewe, meno thelathini na mawili, yote mazima. Nilikuwa najipendekeza, sikatai.

Nikajaribu kwenye kompyuta ya mapokezi. Safi. Ya muuguzi. Safi.

"Na ya kwako, Mama?"

"Ya kwangu usiguse. Ofisini kwangu haingii mtu."

Na kweli haingii mtu. Kila siku saa saba mchana mlango unafungwa kwa ufunguo mpaka saa nane. Hata mwanawe anaacha chombo cha chakula mlangoni, na chakula chenyewe ni supu. Kitu kigumu sikuwahi kumwona akikitafuna. "Nalinda meno," anasema. Mimi nikaona ni maringo ya kidaktari.

Siku ya ufunguzi ikafika, saa nne asubuhi. Madaktari wenzake, wagonjwa wa zamani, ndugu zao wote. Upande wetu alikuja shangazi yangu, amevaa kitenge kipya, na macho yake yanasema kabisa amekuja kusikia tarehe ya posa.

Nikachomeka laptopu yangu kwenye projekta.

"Toa hiyo," Daktari akasema. "Tunaonyesha kwa ya kwangu."

Akaleta kompyuta yake. Nikaweka programu kwa flashi. Akaiwasha mwenyewe mbele ya watu.

Kioo chote kilikuwa cheusi. Dirisha jeusi, menyu nyeusi, kila kitu cheusi. Mwangaza unamuumiza macho, kumbe, akaipangia giza tupu.

Akili yangu ikakimbia mbele: nyeusi... tundu... nyeupe... meno.

"Mama, subi..."

Akabonyeza.

Ukutani, ukubwa wa mlango, Mama Tabasamu akatokea anacheka. Macho yapo. Pua ipo. Midomo ipo. Ndani ya midomo, giza. Hakuna hata jino moja.

Kwa kiherehere cha kutaka aibu ipite, akabonyeza ukurasa wa pili. Likatokea jina lake, na chini yake mapengo thelathini na mawili yamejipanga vizuri.

"Kibogoyo!" likatoka sauti nyuma. Daktari mwenzake, mzee mmoja mwenye tumbo, alishindwa kujizuia. Ukumbi ukaangua kicheko. Shangazi yangu akajifunika uso na mkoba.

Nilitamani ardhi inimeze. Nikamtazama Daktari nikisubiri matusi.

Hakuwa ananitazama mimi. Hata ukuta hakuwa anautazama. Alikuwa amejiziba mdomo kwa mikono miwili.

"Tupumzike dakika kumi," akasema kupitia katikati ya vidole. Akanishika mkono, akanikokota hadi chumba cha eksirei, akafunga mlango.

"Nani kakuambia?"

"Kaniambia nini, Mama?"

"Usijifanye mjinga! Nani? Ni yule fundi aliyeyatengeneza? Kasema nini? Umekuja kunilipiza mbele ya watu wangu, siyo?"

"Mama, ni rangi! Niliiambia kompyuta kila cheupe kisionekane, na meno yako..."

"Meno yangu nini?"

"Ni meupe sana, Mama."

Mimi nikaanza kumweleza habari za kona na matundu, maneno yananitoka bila mpangilio. Katikati ya maelezo nikajisikia nikiuliza, "Fundi gani, Mama? Aliyetengeneza nini?"

Tukatazamana.

"Kumbe hukujua," akasema.

"Sikujua."

"Na sasa unajua."

"Sasa... nadhani najua."

Akakaa kwenye kiti cha wagonjwa. Mwanamke niliyemwogopa mwaka mzima alikaa pale amenywea, kidevu kimeshuka kifuani.

"Nilikuwa na miaka thelathini na moja," akasema. "Ugonjwa wa fizi. Yalitoka moja moja, mpaka yakaisha. Ya juu na ya chini, yote ya bandia. Ukimtoa fundi aliyeyatengeneza, marehemu mume wangu peke yake ndiye alijua. Daktari wa meno asiye na meno, nani atampanulia mdomo?"

Nilimwonea huruma. Miaka yote ile, supu na mlango uliofungwa, peke yake.

"Nipe dakika nane," nikamwambia. "Nitakurudishia."

Nikakaa chini sakafuni na laptopu yangu. Ile rangi ya kutoboa nikaiondoa kwenye nyeupe, nikaweka ile ya waridi kali inayoumiza macho, kwa sababu hakuna binadamu mwenye meno ya rangi hiyo. Kona zote nikazipaka waridi. Safari hii nikageuza na dirisha langu kuwa jeusi, nikajaribu. Meno yote yakatokea.

Daktari akainama kuangalia juu ya bega langu. Akacheka. Mara ya kwanza kunichekea mimi, siyo kwenye bango. Meno ya bandia, lakini kicheko kilikuwa chake kabisa.

Tukarudi ukumbini, nikaiweka upya kwa flashi kwenye kompyuta yake. Akabonyeza, tabasamu likawaka ukuta mzima, watu wakapiga makofi.

"Mlidhani kompyuta imeharibika?" akawaambia. "Mkwe wangu alikuwa anawapima kama mko macho."

Mkwe wangu. Shangazi akashusha mkoba usoni.

Wiki mbili baadaye posa ikafika kwetu, ameileta mwenyewe kama alivyosema. Tukafunga ndoa, na ile siri nikaifungia kifuani. Hata mume wangu sikumwambia, na mume wangu anajua mpaka neno la siri la simu yangu.

Miezi saba ikapita. Siku moja mama mkwe akanipigia simu.

"Ile picha yangu mbovu bado unayo?"

"Niliifuta, Mama."

"Usinidanganye. Watu wa kazi yenu hamfuti kitu."

Nilikuwa nayo.

Kulikuwa na mwalimu mstaafu, meno yameisha, ana mwezi mzima hafungui mdomo mbele ya mtu. Anaongea kwa kuandika kwenye karatasi. Ameletwa na binti yake, kagoma kupanua mdomo.

Nikaenda. Nikairudisha rangi ya kutoboa kwenye nyeupe, nikaiwasha kwenye kompyuta ya Mama, ile nyeusi. Mama Tabasamu akatokea kibogoyo, anacheka.

Mwalimu akaitazama ile picha. Akamtazama Daktari.

Daktari akatia vidole mdomoni, akatoa ya juu, akatoa ya chini, akayaweka kwenye sahani ya vyuma.

"Na mimi ni hivi hivi, Mwalimu," akasema, maneno yanavuja upepo. "Haya. Panua tuone."

Mwalimu akapanua, machozi yanamtoka.

Nyuma yetu, kwenye mlango tuliosahau kuufunga, kitu kikaanguka puu! Mume wangu kasimama, na supu ya mama yake yote sakafuni. Akamtazama mama, akatazama sahani, akanigeukia mimi.

"Ulijua?"

Na mimi nikaangalia dari.

Siku hizi saa saba mchana ule mlango uko wazi. Haya yote ameniruhusu niyaandike kwa masharti mawili: nisimtaje jina, na niseme kwamba hata bila meno ni mzuri. Ni mzuri, jamani, wala sijalazimishwa.

Funzo langu ni dogo. Kitu kikipendeza kwenye kompyuta yako usianze kujisifu, kakione kwenye ya mwenzio, hasa ile uliyokatazwa kuigusa.

Na ukipata mama mkwe asiyekuchekea, usikimbilie kusema ana roho mbaya. Pengine anaogopa yatadondoka.