Kidude cha Baba

Mshonaji yule alikuwa na wivu, tusizungushe maneno. Na afadhali angekuwa anamwonea mtu. Alikionea kidude cha plastiki, kinene kama kopo la maziwa ya unga, kilichokaa juu ya stuli kando ya kitanda cha baba yake.

Kililetwa na mdogo wake. Fleti ni yao wawili, urithi wa mama yao, kwa hiyo hakuna anayepigilia hata msumari bila mwenzake kukubali. Mdogo mtu akamtuma fundi, na fundi akaapa hatatoboa ukuta: balbu za kubadilisha tu, plagi za kuchomeka, swichi za kubandika. "Msipopenda mnabandua, nyumba inabaki kama ilivyokuwa," akasema. Mshonaji akakosa la kukatalia.

Basi baba, ambaye miguu ilimgomea tangu apatwe na kiharusi, akawa anakiambia tu kidude, "Washa feni," na feni inazunguka. "Zima redio." Redio inanyamaza. Halafu, jamani, anaongeza, "Asante, mwanangu."

Asante! Mwanangu! Kule kwenye cherehani mshonaji, binti yake, alijichoma sindano. Miaka yote hiyo nani alikuwa akiacha mshono katikati kwenda kuwasha feni ile ile? Nani alimgeuza, akamwogesha, akamkata kucha? Yeye asante hakuipata hata ya kuazima. Leo kidude kisichojua hata kukunja shuka ndicho kimekuwa mwana. Na mdogo mtu anapiga simu kutoka huko aliko kuuliza, "Baba amekipenda?"

Mchana mmoja wa joto kali uvumilivu ukamwishia. Kidude kilipata umeme kwa waya uliopita chini ya mlango mpaka soketi ya koridoni. Akaizima soketi, akasimama pale pale, akisubiri aitwe. Hilo tu ndilo alilolitaka.

"Washa feni," baba akasema. Kimya. "Washa feni, mwanangu." Kimya.

Kisha baba, kwa sauti ya upole ambayo mshonaji aliisikia mara ya mwisho akiwa mtoto mwenye homa, akasema, "Umechoka, eh? Pumzika basi." Akaanza kujipepea kwa ule mkono wake mzima, jasho likimtiririka.

Mshonaji akaingia bila hodi. "Baba, mimi nipo hapa hapa nje. Mbona huniiti?"

"Wewe nikikuita unaguna."

"Mimi? Naguna lini?"

"Kila siku. Unaguna ukija, unaguna ukiondoka. Najiona mzigo, mama. Hiki nakiita bila aibu."

Mshonaji akafungua mdomo akanushe, aseme ni uchovu tu, aseme mwana ni yeye. Badala yake ulimtoka mguno.

Baba akageuzia uso ukutani. "Umeusikia, mama?" akauliza taratibu, akaendelea kujipepea.