Mvua ya Free State

Jumamosi nilikuwa saluni Joubert Park. Nilikuwa nimeshamaliza kusukwa, lakini nani anaondoka maneno yakiwa bado ya moto? Kiti cha pili alikaa mama wa Lubumbashi. Alikuwa akitusimulia kwamba mumewe, dereva wa trekta kwenye mashamba ya mahindi kule Free State, hatarudi mpaka Krismasi, eti mvua za msimu zitakata barabara.

Mara redio ikatangaza kwamba nyanda zote za Free State zitakosa mvua mpaka mwisho wa mwaka.

Mama akaushika mkono wa msusi. "Amesema wapi?"

"Free State, mama. Lakini huo ni utabiri tu, unaweza kukosea."

"Na bwana yangu naye katabiri. Acha nikaone nani mwongo."

Akajitupia kitambaa juu ya kichwa kilichosukwa nusu, huyooo, stesheni!

Eish, wasomaji wangu, tangu siku hiyo situlii. Kila wingu likipita dirishani kwangu nalisihi liende Free State, likanyeshe mpaka barabara ikatike kweli, yule bwana atoke mkweli. Mahindi nayo yatafaidi.