Nyuki wa Saa Nne

Enzi zetu, kabla simu haijaingia kila mfuko, saa ya nyumbani kwetu kule milimani Kilosa ilikuwa na mabawa. Kila asubuhi Bibi, mama yake Mama, alirudi kutoka shambani, akanawa miguu, akakaa kwenye kigoda chake uani kutafuna muwa. Ikifika saa nne, nyuki walikuwa wameshafika kugombea makapi. Siku akichelewa, walimtangulia, wakazunguka kigoda kitupu. Mama akiwaona tu, alibandika maharage.

Msimu mmoja wa masika Bibi aliugua sana. Akiwa anabebwa kwenye machela kupelekwa hospitali mjini, alinishika mkono: "Mjukuu wangu, nyuki wangu wasije wakanisahau."

Mtoto hajui utani. Niliamini kabisa kwamba wakimsahau, Bibi harudi.

Jioni nilipotoka shule nilikaa kwenye kigoda, nikatafuna miwa mpaka taya zikauma. Hakuja hata mmoja. Nililia, Mama akacheka, kisha naye akajifuta macho kwa khanga. "Saa hizi siyo zao, mwanangu. Wao wamezoea saa nne."

Basi kila mapumziko ya saa nne nilichomoka shuleni mbio, tope hadi magotini, nikatafuna haraka haraka. Wakaja! Niliwapa habari za mgonjwa, nikarudi darasani mikono ikinata kwenye daftari.

Bibi alirudi amekonda, khanga inamzunguka mara mbili. Alikaa pale pale uani. Mimi roho juu. Saa nne ilipofika wakaja wote, wakamzunguka kana kwamba wanamwamkia. "Marahaba, wanangu," akaitikia. Sijawahi kufurahi vile tena.

Siku hizi naishi Mikumi. Mwanangu anayesoma chuo ananieleza kwamba nyuki wana saa ndani ya miili yao. Wakijifunza palipo na utamu, hukumbuka na wakati wake. Anayajua yote hayo, lakini simu yake hulia asubuhi mara tatu na bado haamki mpaka nimtishie maji ya baridi.

Miwa nayo siku hizi inauzwa imeshamenywa na kukatwakatwa, tayari kwenye vifuko. Bibi hayupo, kigoda sijui kilikwenda wapi. Lakini saa nne ikifika, hata nikiwa katikati ya soko, mate hunijaa mdomoni na macho yanaanza kumtafuta. Kumbe alitufundisha sote, mimi na nyuki wake.